Jora Moja

Bwana Shekalaghe wa ofisi ya utamaduni
alikuja na baiskeli, suruali kaifunga kwa kibanio cha nguo,
akaniwekea karatasi juu ya cherehani:
"Fundi, ya kwetu unaijua. Hii ya Msumbiji
ina mambo mengi. Naitaka kabla ya Jumanne.
Balozi wao anakuja, uhuru umetimiza miaka hamsini."

Nikaitazama. Ina nyota, ina kitabu, ina jembe,
na pamoja na jembe, bunduki.
Nimedarizi maua, majina ya maharusi,
kofia za viua hata macho yakaniuma.
Bunduki sijawahi.
"Risasi unatoza bei gani?" akatania.
Nikamjibu: uzi mweusi ni uzi mweusi.

Usiku nikatandika jora la kijani.
Nikakata kijani chetu, nikakata kijani chao,
mkasi sikuuinua.
Nyeusi vilevile. Njano ileile,
ya duka moja, Ngamiani, mita bei moja.
Ikabaki buluu upande wetu,
nyekundu upande wao,
na utepe mweupe, mwembamba kama ncha ya ukucha.
Buluu, tulifundishwa shuleni, ni maji.
Nyekundu sikuuliza.

Babu yangu Nandonde alivuka Ruvuma,
maji yakimfika kifuani,
akitokea Nangade, mwaka ambao hakuna aliyeuandika.
Akabadilisha jina kwa namba,
akapewa kipande na panga
kwenye mkonge, njia ya Kigombe.
Majani thelathini, funga. Thelathini, funga.
Miba ikamchanja mikono
kana kwamba chale za usoni hazikutosha.
Sisi wa Tanga tuna msemo: waja leo waondoka leo.
Babu alikuja leo.
Leo yake ikachukua miaka arobaini na mmoja,
na kaburi lake liko nyuma ya korona.

Siku moja tulikwenda mjini kununua chumvi.
Nina miaka saba, nimeshika kidole chake.
Mama mmoja akamtishia mwanawe aliyekuwa akilia:
"Nyamaza! Mmawia huyo, atakubeba."
Babu akainama, akamchekea mtoto
kwa meno yake yote yaliyochongwa.
Mtoto akanyamaza.
Mama akasema ahsante.
Mpaka leo sijui ile ahsante niiweke wapi.

Jumanne, Tangamano.
Balozi, mwanamke mrefu, miwani inaning'inia kifuani,
alisema ndugu, alisema damu, alisema bega kwa bega,
nasi tukapiga makofi, kwa sababu ni kweli,
na kwa sababu ilikuwa saa saba na jua limetuchosha.
Bendera zikapanda. Wengine walitazama rangi,
mimi nilitazama pindo.
Upepo ukaikunja ile ya Msumbiji, bunduki ikapotea,
ikabaki ncha moja ya nyota nje.
Kamba ilikuwa ya katani.
Hakuna hotuba iliyoitaja kamba.

Baadaye akaniuliza, "Ndiye uliyeishona? Unatokea wapi?"
"Barabara ya Kumi na Tatu," nikasema.
Kisha, sijui ni shetani gani, nikamtupia salamu ya babu,
ileile aliyoisema asubuhi akifunga viatu.
Hakuielewa. Yeye ni wa Maputo, kusini kabisa,
huko lugha ni nyingine.
Lakini akaomba niirudie,
akaisema, akaikosea,
akaisema tena, akaikosea vizuri zaidi,
gari likimsubiri mlango wazi.

Waja leo, waondoka leo.

Shekalaghe bado hajanilipa elfu thelathini na tano;
anadai risiti, nami namdai pesa,
tunasalimiana kila asubuhi kwa adabu kubwa.
Vipande vilivyobaki sikuvitupa.
Nyekundu na buluu nimeziunga,
nikajaza singa za mkonge ndani,
ukawa mto wa sindano.
Uko hapa mkono wa kushoto.
Kutwa nauchoma.
Umeshika.